Simenti Iliyolika kwa Visigino Vyetu

Masika,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, steji ya mabasi, mbele ya watu. Hapa karatasini naweka hasira. Nataka uisome ukiwa umekaa ndani ya basi, njia nzima ya Mbarara, mahali ambapo huwezi kunyanyuka ukaingia chumbani na kujifungia, kama ulivyofanya tangu tuliporudi kuishi huku Bwera.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji, wala za kuficha pesa, wala za kumsalimu mke wa mjomba wako kabla yeye hajakusalimu. Umelelewa. Kama hayo huyajui leo, barua haitakufundisha. Na Kiswahili hiki usikishangae. Mdomoni nina kile cha Butembo, kwetu Kongo, kile ambacho wenzako wa shule walikuwa wanakucheka nacho. Lakini kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na mkono wangu haujasahau chaki. Nikiwa na hasira ndipo naandika vizuri zaidi.

Umekwenda parokia kuaga wanakwaya. Jua bado liko juu, nimekaa mlangoni juu ya gunia la viatu, na nina nafasi mpaka urudi. Nitasema juu ya picha zako, jambo ambalo umekataza lisitajwe nyumbani. Unafikiri unayajua yote kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwepo, ndiyo, lakini kichwa chako kilikuwa kimeinama. Na ya jana huyajui kabisa, kwa sababu nilikudanganya kwamba naenda Kasese kutafuta viatu.

Hajji Sulemani alipokuajiri kwenye studio yake kule Kasese, tulipokuwa tukiishi, nilimshukuru Mungu. Ilikuwa kazi safi: picha za pasipoti, za harusi, za watoto wa komunyo ya kwanza. Kisha kila mtu akapata simu yenye kamera, na wateja wakapotea. Mwingine angekufukuza. Hajji alikupa kamera yake ya zamani, akakuambia, "Toka nje, binti yangu. Kama watu hawaji kwetu, tuwafuate sisi." Alikutuma ukawapige watu picha. Wewe ukarudi na picha za chini.

Unakumbuka asubuhi niliyokukuta umelala kifudifudi mbele ya duka la vitambaa, kamera imegusa simenti, na watu wanakuruka kama gogo? Mimi nilikuwa nimeshapanga viatu vyangu mahali pangu pa siku zote. Mama Biira, jirani yangu wa nyanya, ndiye aliyenigusa bega.

"Mama Masika, mtoto yako ameanguka?"

Kabla sijafika, mwanajeshi mmoja aliyekuwa anapita alisimama juu ya kichwa chako.

"Wewe! Simama! Unapiga picha ya nini?"

"Ya simenti, afande."

"Simenti gani?"

"Hii, afande."

Akaangalia chini. Akaangalia buti lake. Akaangalia chini tena. "Simenti imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, afande."

"Basi toka!"

Soko zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuvuta mkono nikakukalisha nyuma ya viatu vyangu, nikakuuliza kama uko na wazimu, kama shule yote niliyokulipia kwa kukaa juani ilikuwa ya kukufundisha kulala barabarani. Ulifuta magoti yako tu. Jioni yake, jua lilipoanza kulala upande wa Kongo, ukatoka tena, ukalala palepale.

Nilikuuliza kwa nini usipige saa sita wakati kuna mwanga mwingi, umalize upesi. Ukanijibu kama mtu anayemfundisha mtoto. Jua la saa sita linaua kila kitu, ulisema, linafanya simenti iwe kama karatasi. Jua likilala, kila shimo linapata kivuli chake, kila mkwaruzo unasimama. Ukaniambia na mvua: simenti ikikauka nusu, palipolika zaidi panabaki peusi kwa sababu maji yanakawia pale. Nilikusikiliza kwa sikio moja huku nabishana na mteja juu ya raba. Nilifikiri ni ugonjwa wa ujana, utapita.

Halafu ukanionyesha ile picha.

Tulikuwa tumemaliza kula. Ukaweka kamera mapajani pangu, ukasema, "Mama, angalia." Niliona kitu kama milima inavyoonekana kutoka mbali, na katikati mabonde mawili laini, yanang'aa, yameshuka taratibu kama vikombe. Pembeni kulikuwa na nyufa zinazogawanyika na kugawanyika tena, kama mito. Nikakuuliza, hapa ni wapi? Ni Bugoye? Umepanda lini milimani?

"Mama, ni wewe," ukasema.

Sikuelewa. Ukanishika mguu, ukagusa kisigino. "Ni mahali unapokaa. Unanyoosha miguu hivi, na kila ukigeuka kuchukua kiatu, visigino vyako vinasugua. Miaka yote. Umeichimba."

Nilikuambia uende ukaoshe vyombo. Nilikuambia hivyo kwa sababu sikutaka unione. Ile simenti, watu wazima wanasema, ilimwagwa zamani wakati mgodi wa shaba ulikuwa na nguvu, na mafundi waliichora miraba kwa kamba na msumari ikiwa bado mbichi. Pembeni ya kuta miraba bado ilikuwepo. Katikati, wapitapo watu, ilikuwa imefutika kabisa. Wewe ndiye uliyenifanya nione. Uliniambia mashimo manne madogo mbele ya duka la kona ni miguu ya cherehani ya fundi ambaye alikufa kabla hujazaliwa. Ulinionyesha vifuniko vya soda vilivyokanyagwa mpaka vikaingia kwenye lami ya ukingo wa barabara, vimejipanga kama vifungo vya shati. Nilikaa katikati ya vitu hivyo nikikusomesha na sikuviona hata siku moja.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Nyumba ya mama yangu Butembo ilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu. Jumamosi tulikuwa tunaisugua kwa nta, sisi wasichana, na mbele ya kiti cha baba palikuwa pamebonyea mahali pa kuweka miguu yake. Maji ya kupigia deki yalikuwa yanasimama pale, na mama alikuwa anagomba. Vita vilipofika mtaani kwetu nilibeba masufuria. Nilikuwa na nafasi ya kubeba albamu ya picha, ilikuwa juu ya kabati, nikasema picha haziliwi. Nyumba iliungua. Lakini hata kama ningebeba albamu ile, yote ilikuwa sura za watu waliovaa nguo za Krismasi. Hakuna aliyewahi kupiga picha pale chini. Leo nikifumba macho naona rangi nyekundu tu. Umbo limepotea. Sijui tena shimo la baba lilikuwa kubwa kiasi gani.

Ndiyo maana ulipoosha vyombo nililia.

Na ndiyo maana, yule bwana wa mradi wa barabara alipokuja, nilikuwa mjinga. Nisikilize vizuri hapa. Wewe hukutaka. Ulisimama mlangoni mwa studio, ulijikuna shingo, ulisema picha bado hazijakamilika. Yeye alikuwa anazitazama moja moja kwenye kompyuta ya Hajji na kusema, "Safi sana. Safi sana." Akasema kampuni yake inakuja kupendezesha mji, akasema atafanya maonyesho kwenye ukumbi, watu wakubwa watakuja, na jina lako litaandikwa. Ukanitazama. Na mimi, mama yako, nikakuambia kwa Kiswahili chetu cha Butembo ili asielewe vizuri, "Mupe, mutoto. Ule ni mutu mukubwa."

Nauza viatu. Najua viatu. Kiatu kinaniambia mtu anatembea vipi, analemea upande gani, amechoka wapi. Viatu vya bwana yule soli zake zilikuwa hazijaguswa na ardhi, na mimi badala ya kuogopa nikaheshimu. Hilo ndilo kosa nililolifanya maisha yangu yote, Masika. Kule kwetu niliamini watu wenye magari, hapa nikaamini watu wenye viatu visivyo na vumbi. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahali, usimpe akuelezee mahali hapo. Sikujua kuisema hivi siku ile. Nilijua kupiga makofi tu.

Maana nilipiga makofi. Ukumbini nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikakaa mbele na Mama Biira na wauzaji wengine wote ambao niliwaalika mwenyewe, mmoja mmoja, nikijigamba. Picha zako zilikuwa kubwa kama milango. Bwana akapanda jukwaani, akataja jina lako, na mimi ndiye niliyeanza makofi, ukumbi ukanifuata. Ulisimama kidogo ukakaa. Ulikuwa unatabasamu. Nataka ukumbuke kwamba ulikuwa unatabasamu, na kwamba hukufanya kosa kutabasamu.

Ndipo akachukua fimbo ndefu, akagonga picha ya kwanza.

"Mnaona, ndugu zangu? Hii ndiyo sura ya mji wetu. Imeoza. Mgeni akifika hapa anaona nini? Anaona aibu."

Akagonga ya pili. Nyufa. Aibu. Akagonga ya vifuniko vya soda. Uchafu. Akagonga ya visigino vyangu. "Na hapa, mtaona jinsi wafanyabiashara wanaokaa ovyo walivyoharibu mali ya umma." Akasema simenti yote itavunjwa, itawekwa mpya ya matofali ya rangi, na hakuna mtu atakayeruhusiwa tena kukaa chini na kuuza. Akakushukuru wewe kwa kufanya uchunguzi. Uchunguzi! Akasema, "Binti huyu ametuonyesha ukweli."

Hasira niliyonayo kwa mtu yule ingeweza kuivisha maharage.

Kwa sababu hakusema uongo hata mmoja, unaona? Zilikuwa nyufa. Yalikuwa mashimo. Alichukua macho yako, akayageuza upande wa pili kama mtu anayegeuza koti, akalivaa. Kile ulichokipenda kwa sababu kimelika, yeye alikichukia kwa sababu kimelika, na picha ni ileile, haikuweza kujitetea. Ulikuja kuniuliza siku ile, neno pekee ulilosema wiki nzima: "Mama, kwani nilipiga vibaya?" Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui. Leo najua. Hukupiga vibaya. Lakini uliiacha picha iende peke yake kwa wageni bila jina la mtu aliyekaa pale. Ungeandika chini yake, hapa anakaa Mama Masika, anauza viatu, fimbo ya bwana yule ingekuwa nzito kidogo kuinua.

Tulipotoka nje wauzaji walikuwa wanakungoja. Unajua walichosema. Mama Biira ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Umetuuza! Ulikuwa unalala pale chini kama mgonjwa, kumbe unatuchora! Nimekupa nyanya ya bure tangu uko mtoto!"

Hapo ndipo nilipovua kiatu changu nikamrushia. Kilimpata sikioni. Yeye naye akanivuta kitenge, na wanaume wakatutenganisha, na watu wa ukumbini wakatoka kututazama, na bwana wa mradi akapita katikati yetu akielekea kwenye gari lake, anacheka na simu. Alipita karibu hivi, Masika. Kiatu cha pili kilikuwa mkononi mwangu. Na nilikuwa nimemgeukia Biira.

Hilo linaniudhi mpaka leo kuliko makofi. Hasira yangu ilikuwa halali, na niliimwaga yote kwa mwanamke anayeamka kabla ya jua kusubiri gari la nyanya kutoka Mubuku. Mtu wa juu anaweza kulala usingizi kwa sababu anajua sisi wa chini tutaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Wewe sasa unafanya vilevile, tena vibaya zaidi, kwa sababu wewe umeigeuza hasira yako ikule wewe mwenyewe.

Mashine ilipokuja kuvunja, hukwenda kuangalia. Mimi nilikwenda. Iliinua vipande vikubwa kama mikate, na chini yake kulikuwa na udongo mweusi ambao haujaona jua tangu enzi za mgodi. Nilisimama mpaka walipofika pangu. Kipande changu kilipasuka katikati. Kisha askari wa mji wakatufukuza hata pale tuliposimama, nami nikafunga viatu kwenye gunia, tukarudi huku tulikofikia siku za kwanza tulipovuka mpaka, kuuza kwenye tope la soko la Mpondwe.

Na wewe ukaenda studio ukamrudishia Hajji kamera yake. Aliniambia. Uliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Alikuuliza sababu, ukasema, "Nimeharibu." Halafu ukakubali kazi ya keshia kwenye duka la mjomba wako huko Mbarara. Keshia ni kazi nzuri. Sikulaumu kazi. Nalaumu kwamba unakwenda kama mtu anayetumikia kifungo.

Sasa sikiliza ya siku ya soko iliyopita. Nimekaa kwenye tope langu, nikaona mtu anakuja na beseni la nyanya kichwani. Mama Biira. Sikuwa nimemwona tangu siku ya kiatu. Nilijiandaa. Akatua beseni, akakaa pembeni yangu bila kuuliza, kama siku zote.

"Ile picha ya mahali yangu iko wapi?" akasema.

"Picha gani?"

"Ile ya mtoto. Nataka." Akapanga nyanya zake. "Nimekaa pale tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni. Sasa napita sioni hata alama. Ni kama sikukaa."

Nilimwambia kwamba picha ziko ofisini kwa bwana wa mradi, ametundika ukutani. Tukatazamana. Hakuomba msamaha na mimi sikuomba. Alisema tu, "Tutaenda lini?"

Tulikwenda jana. Hajji alitusindikiza, amevaa kanzu nyeupe kama siku ya Idi. Ofisi iko ghorofani. Picha zako zimepangwa kwenye korido, juu yake wameandika KABLA. Upande wa pili kuna picha za matofali mapya, BAADA. Hakuna mtu hata mmoja kwenye picha za BAADA. Jina lako halipo popote.

Bwana alitoka ofisini na kikombe cha chai. Nilimwambia nimekuja kuchukua picha za mwanangu.

"Mama, hizi ni mali ya mradi."

"Nani alizipiga?"

"Ni picha za barabara. Barabara ni ya umma."

"Barabara ni ya umma," nikasema. "Macho ni ya mutoto wangu."

Akatabasamu, akanywa chai. "Alizitoa kwa hiari. Na wewe, mama, kama nakumbuka vizuri, ulipiga makofi."

Masika, maneno yale yalinipiga hapa kifuani. Nilikuwa karibu kushuka ngazi. Unajua nini kilichonizuia? Nilikumbuka kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya: wanakuchukua kwa wema wako, halafu wanakuonyesha wema wako kama hati ya mashtaka. Hivyo ndivyo walivyokufanya wewe. Nikasema, "Ndiyo. Nilipiga makofi. Nilimpigia yeye, sikukupigia wewe." Kisha nikapanda juu ya kiti cha wageni nikaanza kuzishusha.

Bwana akaita askari wa mlangoni. "We mama, wacha! Shuka!" Askari alikuja anakimbia, lakini hakufika, kwa sababu Mama Biira alikuwa amekaa chini katikati ya korido, miguu ameinyoosha, beseni tupu mapajani.

"Nimechoka," akamwambia askari. "Nakaa."

"Mama, hapa hapakaliwi!"

"Hata kule mlisema hivyo."

Unajua ukubwa wa Mama Biira. Yule kijana alijaribu kushoto, akajaribu kulia, na kila alipojaribu yeye alisogea kidogo. Hajji alikuwa anapokea picha kutoka kwangu na kuzikunja taratibu, huku anasema "Bismillahi" kwa kila moja kana kwamba anachinja kuku. Moja askari aliifikia, ikachanika. Mbili ziligoma kutoka ukutani, zimegundishwa, zimebaki. Bwana alishika simu kuwaita polisi, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Nadhani aliona haya kuwaambia kwamba wanawake wa sokoni wanaiba simenti.

Tulishuka ngazi nazo. Sikudanganyi kwamba tulishinda. Simenti haipo, matofali yao yapo, na KABLA bado imeandikwa ukutani juu ya nafasi tupu. Lakini wauzaji waliposikia walikuja studio kwa Hajji jioni, wale wale waliokutukana. Walizitandika picha chini na kuanza kugombania. "Hii ni yangu, angalia, hapa nilikuwa nagonga kisu cha muhogo!" "Hapana, hapo ni kwa fundi!" Walijitambua. Hakuna aliyewaelekeza. Mmoja alikaa juu ya picha yake, ili ahakikishe.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba umeharibu. Waliovunja wana mashine na majina. Wewe ulikuwa mtu pekee katika mji ule mzima aliyeinama kutazama tulipokaa. Nenda Mbarara ukiwa na hasira na watu wanaostahili, na uwaache wengine salama, kuanzia na wewe mwenyewe. Basi likisimama Kasese, Hajji atakuja dirishani na mfuko. Unajua kilichomo ndani: kamera ile uliyomrudishia. Unaweza kuukataa, wewe ni mtu mzima. Lakini ukiukataa, ukatae kwa mdomo wako mwenyewe. Usimfanyie bwana yule kazi ya kukukataza akiwa hata hayupo.

Nilitaka kumalizia hapo na kutia sahihi, lakini nimesikia hodi, na ni Mama Biira. Leo ameleta tena nyanya Mpondwe, na picha yake ameikunja kwapani. Ana hasira. Ameitandaza hapa mlangoni mbele yangu na anaigonga kwa kidole.

"Unamwandikia? Mwambie hivi. Picha yangu iko mbaya. Hapa iko alama ya beseni, hapa ndiyo mimi, na mimi nimekatwa nusu! Akuje apige ingine."

Nimemwambia, "Biira, simenti ile imevunjwa. Atapiga nini?"

Amenitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga wa mji.

"Kwani unafikiri siku zingine mimi nauza wapi? Nimerudi. Nakaa palepale, juu ya hiyo matofali yao. Asubuhi wananifukuza, mchana narudi. Mwambie akuje apige sasa ikiwa bado mpya, halafu akuje tena nyuma ya miaka. Hiyo nayo nitaimaliza na matako yangu."

Nimeandika kama alivyosema.

Mama yako